Kidude cha kusomea kodi za makosa ya gari: uzoefu wangu hapa Tanga

Kama una gari dogo la Kijapani na taa ya cheki injini imekuzoea, nunua hiki kidude cha ELM327, kinachosoma kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inahifadhi. Ila usitarajie kikutajie spea ya kununua. Wengi wanakosea hapo, na kuna mafundi wanaokula hela zetu hapohapo.

Changu nilikitoa Ngamiani kwa Sh 30,000. Unakichomeka kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi, kinaunganishwa na simu kwa Bluetooth, unasoma kwa programu. Mimi natumia Car Scanner, ya bure inatosha. Chipu yenyewe ya ELM327 ilikuwa ya kampuni ya Kanada iliyofungwa mwaka 2022, kwa hiyo vya madukani karibu vyote ni nakala. Mwambie muuzaji mkijaribu kwanza kwenye gari lako. Mfumo huu wa kusoma makosa kwenye tundu hilo (OBD2) Marekani waliulazimisha kuanzia magari ya 1996, lakini haya tunayoyashusha yalitengenezwa kwa soko la Japani, na ya zamani mengine hayaongei nacho kabisa. Mwenye iPhone achukue cha WiFi.

Sasa utamu wake. Toyota IST yangu ilianza kumisi, ikisimama kwenye taa za barabarani inatetemeka mpaka kioo. Fundi mmoja alisikiliza tu, akaagiza pampu ya mafuta na plagi zote nne. Kidude kikatoa P0302, yaani silinda namba 2 haichomi vizuri. Hapo hakijasema koili, ile inayoipa plagi umeme, imekufa. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli au hata vali. Injini yake ya 1NZ ina koili moja juu ya kila plagi, imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10, na silinda namba 1 ni ile ya upande wa mkanda. Nikazima gari, koili ya 2 nikaihamishia 3, ya 3 nikaileta 2. Nikafuta kodi, nikaenda Pongwe na kurudi. Taa ikawaka, na safari hii ni P0303. Ugonjwa umehama na koili! Nikanunua koili moja, pampu nikaiacha ilipo. Soketi ya koili nayo ilikuwa na kutu ya kijani ndani. Sisi tunaolaza magari Raskazone chumvi ya bahari tunaijua.

Namba zinazosomeka injini ikinguruma nazipenda kuliko kodi zenyewe. Chukua P0171, kodi ya hewa kuzidi mafuta. Watu wanakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, wakati yenyewe ndiyo iliyotoa taarifa! Angalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa kubwa gari limesimama, halafu inashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Ikipanda gari linapovuta mzigo, shuku pampu au filta.

Kabla hujafuta kodi, piga picha kila kitu, pamoja na ile kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa linatokea, maana ukifuta nayo inakwenda. Na ukilaza gari kichomoe, kwa sababu pini namba 16 inakula betri moja kwa moja hata swichi ikiwa imezimwa.

Kwenye gia boksi ndipo kinapoishiwa pumzi. Shemeji yangu ana gari la Ulaya, likaanza kusita kubadili gia akipandisha Mombo kwenda Lushoto. Tulichopata ni P0700 peke yake. Hiyo ni kompyuta ya gia boksi kuiomba ya injini iwashe taa. Kosa lenyewe linabaki kulekule, ambako kidude cha bei hii mara nyingi hakifiki. Ukibahatika utaona kama P0741, ya klachi ya ndani ya tokyu konveta, ile inayounganisha injini na gia boksi. Hata hapo, mtu asikuuzie gia boksi ya mtumba kabla hajachomoa stiki ya kupimia akaangalia oili: kiasi, rangi, na kama inanuka kuungua. Gari la shemeji halina hata stiki. Akaenda kwa fundi mwenye mashine kubwa, akalipa Sh 50,000, ikasomeka kosa la selenoidi (vali ya umeme) moja ya gia. Kabadilisha hiyo na oili, na Lushoto anapanda.