Sola ya kukunja na sola ya kubandika: nilichokiona Marangu

Naishi Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, na kazi yangu ni kupandisha wageni mlimani. Ndani ya mwaka mmoja nilinunua sola mbili, moja ya nyumbani na nyingine ya safari. Ile ya kwanza nimeijutia.

Umeme wa gridi tunao, ila mvua ikiangusha mti juu ya nyaya tunaweza kulala gizani siku mbili. Kihamba chenyewe ni migomba, kahawa na miringaringa, kwa hiyo jua linafika kwenye bati kwa vipande. Na sola haivumilii kivuli. Seli zake zimeungwa moja baada ya nyingine, kama wapagazi kwenye njia nyembamba: mmoja akisimama, walio nyuma yake wote wanasimama. Jani la mgomba likiziba seli mbili tu, paneli nzima inalegea.

Mimi hilo sikulijua. Nikashuka Arusha nikanunua paneli laini ya kubandika, wati 100. Muuzaji alinipindia mbele ya macho yangu. "Kaka, hii ndiyo ya kisasa, kilo mbili tu." Uzito ulikuwa kweli. Fundi akaibandika kwa silikoni moja kwa moja juu ya bati, tukapongezana.

Hapo ndipo tulipoharibu. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kiwandani, kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Bati la Januari saa saba mchana haliko nyuzi 25, jaribu kuligusa. Kila nyuzi moja inayozidi hapo hula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Seli zikifika nyuzi 65, wati 16 hivi kati ya 100 zimeshapotea kabla hujachomeka simu. Paneli ya kioo huwa inafungwa kwenye fremu na hewa inapita chini yake. Hii yangu ilikuwa imelala kwenye kikaango.

Mwezi wa nane ikaanza kutoa malengelenge. Wa kumi na moja kukatokea doa la kahawia kwenye seli moja, na betri ikawa haijai tena. Nilirudi dukani na risiti, nikaambiwa waranti haihusu paneli iliyobandikwa. Paneli ya kubandika, jamani.

Nisiionee lakini. Rafiki yangu dereva wa safari anayo kama hiyo juu ya Land Cruiser, ila ameipandisha kwenye kerea na kuacha nafasi ya hewa chini yake, na bado inamchajia friji ndogo. Mahali uzito ni shida na upepo unapita, inafaa. Juu ya bati la nyumba, hapana.

Ya pili ni ya kukunja, wati 60, majani manne yaliyoshonwa kwenye kitambaa, kilo mbili na ushee. Safari hii sikusikiliza maneno ya dukani, niliipapasa. Zile za bei rahisi zimefunikwa plastiki inayong'aa na kuteleza, inaitwa PET, na jua huifanya njano na ukungu. Nzuri zina plastiki iitwayo ETFE, ambayo kwa kawaida ina vipele vidogo ukipitisha kidole. Nikaomba pia tuifungue nje juani na kupima kwa mita. Asiyekubali kupima, mwache.

Nyumbani, mchana mweupe wa Februari, nimepata wati 42 kwa kimita cha kuunga kwenye waya. Julai, mawingu yakikaa juu yetu tangu asubuhi, nimeona 7. Kwa hiyo usinunue ukipiga hesabu ya 60. Na kuna mtego mwingine ambao hakuna aliyenieleza: tundu la USB la paneli yangu linatoa volti 5 kwa ampea 2.4, yaani wati 12 basi, hata jua liwe kali vipi. Kupata zaidi ni lazima utumie ule waya mwingine unaokwenda kwenye chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti chaji, na betri.

Mlimani ndiko ilikorudisha pesa yangu. Kuifunga mgongoni ukitembea kwenye msitu wa kwenda kambi ya Mandara ni urembo tu, haiingizi kitu. Lakini kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, siku ya kuzoea hali ya hewa, asubuhi mawingu yako chini yenu, jua kali na baridi, na seli hupenda baridi. Pawabanki ya mAh 20,000 ilitoka robo hadi kujaa kati ya saa mbili asubuhi na saa nane. Pawabanki yenyewe niliiweka kivulini nyuma ya paneli, kwa sababu joto linaiua. Usiku nalala nayo ndani ya slipingi begi, kwa sababu baridi nayo inainyonya.

Kasoro zipo. Kiboksi cha USB hakistahimili mvua, na vijiti vya kuisimamisha vinaangushwa na upepo mdogo, natumia mawe. Pia kilo mbili zinahesabika, maana mzigo wa mpagazi una ukomo wa kilo 20 na getini unapimwa. Naibeba mwenyewe.

Nyumbani nimeishia kwa paneli ya kioo juu ya bomba refu kwenye uwazi wa mbele, imeinama kidogo tu ili mvua iioshe, kwani huku tuko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Ile ya kukunja, nisipokuwa mlimani, mama anaihamisha uani akifuata jua, kama anavyohamisha mahindi ya kuanika. Ile ya kubandika nimeezekea banda la kuku. Haivuji.