Uluru au Kakadu: uanzie wapi?
Hifadhi hizi mbili za taifa ziko Northern Territory, Australia, mbali na miji mikubwa. Zote ni ardhi ya watu walioishi hapo maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya mkoloni kufika. Ila hazifanani hata kidogo.

Uluru ni jangwa na mwamba mwekundu wenye kimo cha mita 348. Waanangu, wenyeji wa asili wa hapo, walirudishiwa ardhi yao Oktoba 1985, na tangu Oktoba 2019 kuupanda mwamba ni marufuku. Nafurahi sana kwa hilo. Kuuzunguka kwa miguu, takriban kilomita 10, utaona mapango, vidimbwi, na sehemu takatifu ambazo vibao vinakuomba usipige picha. Tafadhali tii. Siku mbili tatu zinatosha.

Kakadu inataka subira. Ni karibu kilomita za mraba 20,000 za mito, mabwawa na majabali; wenyewe ni Wabininj kaskazini na Wamungguy kusini. Pale Ubirr kuna michoro ya samaki inayoonyesha hadi mifupa ya ndani, na mmoja wa thailasini, mnyama aliyetoweka Australia bara miaka zaidi ya 2,000 iliyopita! Wenyeji huhesabu misimu sita kwa mwaka. Mvua kubwa zikianza, njia nyingi hufungwa. Mamba wapo mwaka mzima, kwa hiyo kaa mbali na kingo za maji.

Mwenye siku chache aende Uluru. Mimi ningechagua Kakadu, kati ya Juni na Agosti, nikiongozwa na mwenyeji.