Uzoefu wangu: kutoa anwani za waliotia sahihi kwenye programu ya mikataba

Ofisi yetu ya ejenti wa nyumba hapa Kisumu hutumia programu ya sahihi ya kielektroniki kwa mikataba ya wapangaji wa Milimani, Mamboleo na Nyamasaria. Kwa kutia sahihi sina lawama: mpangaji aliye Busia anapokea kiungo kwenye simu, anachora sahihi kwa kidole, na mkataba unafungwa bila nauli ya kuja mjini. Naipa nyota 3 kati ya 5 kwa sababu ya kazi inayofuata, ya kutoa anwani za watu hao, yaani majina, simu na barua pepe zao, ziwe faili moja.

Usipakue kitabu cha anwani ukidhani ndicho orodha ya waliotia sahihi. Humo mna uliowahifadhi tu, hata wasiowahi kugusa mkataba. Nenda kwenye ripoti, chagua ya wapokeaji, weka tarehe ya mwanzo na ya mwisho, chuja ibaki mikataba iliyokamilika, kisha chuja jukumu wabaki watia sahihi. Ukisahau hilo la mwisho, wanaopelekewa nakala tu watajaa humo. Pakua kwa CSV, faili ya maandishi matupu inayofunguka kama jedwali.

Hapo ndipo wengi huharibu: wanabonyeza faili mara mbili. Excel ikiifungua hivyo, simu inageuzwa kuwa hesabu. Inayoanza na 07 inapoteza sifuri na kubaki na tarakimu 9. Ya +254 inaonekana 2.54712E+11. Ukihifadhi CSV ikiwa katika hali hiyo, tarakimu 6 za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi tena. Itabidi upakue upya. Badala yake fungua Excel tupu, ingia menyu ya Data, ingiza faili ya CSV kutoka hapo, na uiambie isitambue aina ya data. Hapohapo chagua UTF-8, mfumo wa kusoma herufi, la sivyo Ng’eno atasomeka Ngâ€™eno, na huku kwetu majina yenye ng’ ni mengi mno kuyarekebisha kwa mkono.

Barua pepe nazo zikague. Programu inamtambua mtu kwa barua pepe, si kwa jina. Wapangaji wawili waliofunguliwa mikataba kwa barua pepe ya saiba (duka la intaneti) moja wataonekana kama mtu mmoja kwenye kitabu cha anwani, kwa jina la mmoja wao. Panga safu hiyo kwa alfabeti, zinazojirudia utaziona.

Simu yenyewe haiji kwenye ripoti ya wapokeaji isipokuwa uliiweka wakati wa kutuma. Dawa ni kuongeza kisanduku cha lazima cha nambari ya simu kwenye kiolezo cha mkataba, kikubali tarakimu 10 tu, halafu upakue ripoti ya data ya fomu, yaani ya yale waliyoyajaza kwenye visanduku. Mikataba ya zamani haitajazika yenyewe. Hiyo utafungua mmoja mmoja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kuchukua simu iliyotolewa kwa ajili ya upangaji ukaitumia kutangaza nyumba bila idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo weka pia kisanduku cha idhini. Jibu lake linatoka kwenye safu yake katika ripoti hiyohiyo. Asiyeweka tiki, mstari wake ufutwe kabla faili haijamfikia anayetuma SMS.