Kaseti ya meno 32 kwa vilima vya Tigoni

Kama unaendesha baiskeli ya mtumba ya barabara hapa Nairobi, na kila kilima cha upande wa Limuru kinakulazimisha ushuke usukume, usikimbilie fremu nyepesi ya bei ya pikipiki. Badilisha kaseti kwanza, yaani lile rundo la sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) kwenye gurudumu la nyuma. Mimi yangu nimeipanda nayo barabara ya Tigoni kwenye jua na kwenye matope, na naipendekeza kwa moyo wote.

Baiskeli yangu ilikuja na gia za watu wa nchi tambarare: sproketi ndogo ya mbele meno 39, kubwa ya nyuma meno 25. Pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasonga karibu mita 3.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ambao magoti yanauvumilia, tayari uko kwenye kilomita 12 kwa saa. Waiyaki Way hiyo si kitu. Lakini pale Tigoni kuna kipande unashuka bondeni, halafu lami inainuka ghafla katikati ya mashamba ya chai. Ni kifupi, ila kimesimama kama ukuta, na huko umeshapita mita 2,000 juu ya bahari. Pumzi inaisha kabla ya miguu. Hapo nani ataenda 12 kwa saa? Unapungua, pedeli inakuwa nzito, unasimama juu yake ukiyumba huku na matatu inapiga honi nyuma yako.

Kaseti yangu mpya ni ya gia nane, kuanzia sproketi ya meno 11 hadi ya 32. Mzunguko mmoja wa pedeli sasa ni kama mita 2.6, yaani kwa kasi ileile ya miguu naenda kilomita 9 kwa saa. Kwa hesabu ni tofauti ndogo. Kilimani ndiyo inayoamua kama utafika juu umekaa kitini au unasukuma. Na kukaa ni muhimu kuliko nilivyodhani, kwa sababu malori ya chai huacha matope barabarani: ukisimama kwenye pedeli uzito unahamia mbele, na tairi la nyuma linazunguka bure. Ukikaa, linashika. Nimeyaona majani ya chai yakipita pembeni polepole, moja moja, nami ninapumua vizuri.

Kuna wanaosema gia nyepesi ni ya wavivu. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mara nne, na alijulikana kwa kuzungusha miguu upesi kwenye gia nyepesi milimani. Mimi sioni aibu yoyote.

Fundi aliyenifungia anastahili sifa zake. Kabla ya kugusa spana aliniuliza napanda kilima kipi. Kisha akashika ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, akatikisa kichwa: "Mama, huu ni mfupi. Kaseti hii inataka cheni ndefu, na cheni ikirefuka hautaivuta yote, italegea." Akachakura kwenye kopo la vipuri vilivyotumika hadi akapata mrefu. Cheni hakuikata kwa kukisia. Aliizungusha kwanza kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, ndipo akahesabu pingili. Akakataa kurudisha cheni kuukuu, kwa kuwa iliyolegea hula meno ya kaseti mpya. Mwishowe akaiendesha baiskeli mwenyewe hadi juu ya kilima kilicho nyuma ya kibanda, akarudi, akakaza waya wa gia nusu mzunguko. Hapo ndipo akataja pesa: kaseti Sh2,800, cheni Sh1,500, mkono Sh1,200, kazi Sh700.

Kasoro ipo. Gia nane zikitandazwa mpaka meno 32, zinaachana. Kutoka 15 kwenda 18 unaisikia miguuni barabara ikiwa tambarare na upepo uko mbele: moja nzito, nyingine nyepesi mno. Kama safari zako ni Thika Road tu, kaa na kaseti uliyo nayo.

Wa Limuru, Ngong na Kikuyu, mkienda kwa fundi yeyote, mwambieni aangalie urefu wa ule mkono kabla hamjalipia kaseti. Na nendeni asubuhi. Kufunga, kukata cheni na kujaribu kilimani kulichukua saa mbili nzima.