Kabla Hujanunua Chombo cha Ndani ya Simu: Uchambuzi kwa Watengeneza Muziki wa Mombasa

Assalamu alaikum. Wazee wangu shikamooni, vijana wenzangu hamjambo. Leo nazungumza na wewe unayetengeneza muziki kwa simu, uwe Kisauni, Likoni, Majengo au popote pale, na umeanza kuona programu yako inakwambia: nunua piano hii, fungua sinthesaiza ile (kinanda cha kuunda sauti kwa umeme), ongeza mkusanyo huu wa ngoma. Bei zake ni ndogo ndogo, dola mbili huku, dola tano kule, na kwa sababu ni ndogo pesa hutoka bila ya mtu kuzihesabu. Nitavipitia vyombo kadhaa, nikwambie kipi naona kinastahili shilingi yako na kipi ukiache hukohuko dukani.

Swali langu la kwanza kwa kila chombo huwa si kinalia vipi. Huuliza kinaishi wapi. Maana kuna chombo kinachouzwa ndani ya programu nyingine, na kuna chombo kinachosimama peke yake. Vyote viwili vinaweza kulia vizuri, lakini baada ya mwaka mmoja utaona tofauti kubwa.

Chukua FL Studio Mobile, programu ya kutengeneza muziki kwa simu, ya Image-Line kutoka Ubelgiji. Vijana wengi wa hapa wanaitumia, na mimi naipenda. Ukishailipia programu yenyewe unakuta vyombo vya kutosha ndani yake: MiniSynth, SuperSaw, Transistor Bass, GMS, na DirectWave ambayo hucheza sauti zilizorekodiwa. Kisha kuna duka la ndani la kuongezea mikusanyo ya sauti. Mkusanyo ulionunua pale unalia mle mle. Huwezi kuuchukua ukaufungua kwenye programu nyingine za muziki, kama Cubasis wala BandLab. Na kama umenunua kwa Android, halafu ukajaliwa iPhone, ujue duka la Apple halina habari na ulicholipa Google. Utalipa tena, kuanzia programu yenyewe.

Upande wa iPhone na iPad kuna njia iliyo bora. Tangu iOS 9, mwaka 2015, Apple waliweka utaratibu unaoitwa AUv3. Chombo cha AUv3 unakinunua mara moja, kisha unakifungua ndani ya GarageBand, ndani ya Cubasis, ndani ya Logic Pro ya iPad, popote panapopokea AUv3. Ukichoka na programu moja, chombo unakwenda nacho. Kwa hivyo kabla ya kulipa, soma maelezo ya chombo mpaka uyaone maneno AUv3 au Audio Unit. Usipoyaona, simama. Kuna vyombo vya zamani vinavyotegemea njia ya kale iitwayo Inter-App Audio, na Apple walishatangaza kuiacha tangu iOS 13, mwaka 2019. Tazama pia tarehe ya sasisho la mwisho. Mwaka 2017 iOS 11 ilipoingia, programu zote za muundo wa zamani wa biti 32 ziliacha kufunguka, na vyombo vingi vya muziki vilivyokuwa vimelipiwa vikapotea hivyo. Mtengenezaji aliyeacha kusasisha chombo chake kwa miaka kadhaa anakuuzia kitu kinachongojea siku yake.

Android haina utaratibu wa namna hiyo uliokubalika na wote. Kule kila programu ni kisiwa kisichokuwa na feri. Hata Cubasis, ambayo ipo pande zote mbili, ukiwa Android haikufungulii AUv3. Wewe mwenye Android, ushauri wangu ni huu: chagua programu kwanza, ukae nayo, umalize nyimbo ndani yake kwa vyombo ilivyokuja navyo, ndipo ufikirie kununua cha ziada. Na kama bado huna hata shilingi ya kutumia, BandLab ni ya bure, ipo Android na ipo iPhone, na kazi zako zinakaa kwenye akaunti yako hata ukibadilisha simu.

Haya, tuje kwenye vyombo vyenyewe.

GarageBand ni ya bure, na maktaba yake ya sauti ni ya bure. Mwenye iPhone asinunue sinthesaiza yoyote kabla hajaimaliza Alchemy iliyomo mle. Lakini kuna jambo moja nataka watu wa Pwani mlisikilize vizuri. Mle ndani kuna vyombo vya Mashariki: pipa, erhu, guzheng, na kuna koto. Mtu wa Mombasa akiliona hilo jina la koto anafurahi, anadhani amepata taishokoto ya taarab. Sivyo. Koto ni chombo kirefu cha nyuzi cha Kijapani, kinalazwa na kukwanyuliwa kwa vidole. Taishokoto ni chombo kingine kabisa. Nayo ilibuniwa Japani, mjini Nagoya, mwaka 1912, na Goro Morita, ina nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, ikasafiri mpaka India na ikafika kwetu, ikaingia kwenye taarab ya Mombasa ikawa na sauti inayotambulika papo hapo. Ile sauti kali, yenye chuma ndani yake, inayojibizana na mwimbaji, huipati kwenye koto ya GarageBand hata uizungushe vipi. Na katika maduka ya programu utaona mikusanyo mingi yenye picha ya udi au kanuni juu yake. Usilipe kwa sababu ya picha. Tafuta video ya mtu akikicheza chombo hicho noti moja moja, bila mapambo mengine, usikilize.

Hapo ndipo panapoingia suala la maqam, zile ngazi za noti za muziki wa Kiarabu kama Rast na Bayati, na hili kwetu ni zito. Kinanda cha kawaida kinagawa oktava hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, si pesa). Lakini mtu akipiga Rast au Bayati, kuna noti inayokaa katikati ya vibonyezo viwili, karibu senti 50 kutoka kila upande. Haina mahali kwenye kinanda hicho. Wapiga vinanda wa harusini wanalijua hili, ndiyo maana vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kuishusha noti unayotaka. Sasa programu nyingi za simu hazina kitufe hicho. Unanunua mkusanyo umeandikwa udi, unaufungua, sauti ni ya udi kweli, lakini ukitaka kupiga Bayati unaambulia noti za piano. Kwa anayetengeneza taarab, hicho chombo hakijakamilika, na mimi siwezi kumshauri mtu akilipie.

Kwa nini nakisifu sana AudioKit Synth One? Kwa sababu kina sehemu ya kubadilisha mpangilio wa noti, kinafanya kazi kama AUv3, na hakiuzwi: ni cha bure tangu kilipotolewa mwaka 2018, na msimbo wake uko wazi kwa wote. Ni sinthesaiza, hakitakupa udi. Lakini kwa sauti ya kushikilia nyuma ya mwimbaji, ikiwa na noti zake za katikati mahali pake, sioni sababu ya kutangulia kununua kingine.

Moog, watengenezaji wa sinthesaiza, wana programu ya Model D, iliyoiga sinthesaiza yao Minimoog ya mwaka 1970. Besi yake ni nene, imejaa, ukiisikia kwenye spika nzuri unaelewa kwa nini watu waliipenda kwa nusu karne. Machi 2020, dunia ilipofungiwa majumbani, waliitoa bure kwa muda, na KORG, watengenezaji wenzao, wakatoa programu yao ya iKaossilator vilevile. Basi hawa watengenezaji huwa wanashusha bei. KORG hasa, msimu wa sikukuu si ajabu kukuta vitu vyao vimeshuka mpaka nusu. Ukiona iM1 kwa bei kamili, vuta subira kidogo. Ile ni kinanda cha KORG M1 cha mwaka 1988 kilichogeuzwa programu, chenye piano na ogani zilizotawala muziki wa dansi wa miaka ya 90. Kwa mtu anayetengeneza bango, muziki wa Mzee Ngala wa Freretown, ogani na piano zile zinakaa vizuri chini ya saksafoni. Na ukiwa na KORG Gadget, programu yao ya kutengenezea wimbo mzima, iM1 uliyoinunua inajitokeza mle ndani kwa jina la Darwin, kwa hivyo pesa moja imefanya kazi mahali pawili. Ila Gadget haipo Android.

Sasa chombo ambacho, kwangu mimi, kinatangulia vyote kwa mtengeneza muziki wa Mombasa. Ni Koala Sampler. Ipo Android na ipo iPhone, bei yake ni ya chini, na kazi yake ni kurekodi kitu chochote kwa maikrofoni ya simu na kukigeuza kuwa chombo cha kupiga kwa vidole. Hakuna duka lolote nililoliona linalouza msondo, chapuo na vumi za chakacha jinsi zinavyopigwa hapa. Hakuna linalouza tari la kwetu. Wapigaji wenyewe wapo, tunaishi nao. Nenda kwa mwenye ngoma, mwombe ruhusa, mwambie wazi unataka kufanyia nini, na umlipe. Hizo dola tano ulizotaka kuipa mikusanyo ya mbali mpe yeye.

Ukirekodi, chagua wakati. Mji wa Kale mchana una bodaboda, una wauzaji, una watoto wametoka chuoni. Usiku ukitulia ni bora. Zima feni hata kama joto linakusumbua, maana mvumo wake utajirudia katika kila noti. Ngoma usiisogelee sana. Simu ikizidiwa, sauti inapasuka na hakuna dawa ya kuirekebisha. Mwombe mpigaji akupe pigo moja moja: katikati ya ngozi, ukingoni, kwa kiganja, kwa vidole, polepole na kwa nguvu. Udi vivyo hivyo, uzi mmoja mmoja, na mwambie mpigaji akupe hizo noti za katikati kwa mkono wake. Yeye anajua zinakaa wapi kuliko programu yoyote.

Mwisho wa yote unabaki na faili za WAV, na WAV inafunguka kila mahali: FL Studio Mobile, BandLab, kompyuta ya studio, iPhone ya kesho. Hakuna duka litakalokudai ulipie tena. Koala ina nyongeza ya kulipia iitwayo Samurai, inayokuruhusu kunyoosha sauti ifuate mwendo wa wimbo na kuikata vipande kwa wepesi. Hiyo naiunga mkono, lakini inunue baada ya kuwa na rekodi zako za kufanyia kazi.

Kuna jaribio la bure la kufanya kabla ya kulipia chombo chochote. Fungua chombo kilichokuja na programu, piga noti, usikilize kama sauti inatoka palepale au inachelewa. Kama simu yako inachelewesha cha bure, itachelewesha na cha kulipia. Android kuanzia toleo la 8, la mwaka 2017, ina njia ya haraka ya sauti, lakini simu hazilingani. Na usipige kwa earphone za Bluetooth, zile zinachelewa zenyewe; tumia za waya. Angalia na nafasi pia: piano iliyorekodiwa vizuri hula mamia ya megabaiti, nyingine inapita gigabaiti, na hilo ni bando na ni nafasi ya simu. Kisha joto letu la Januari na Februari: simu ikipata moto inajipunguza kasi, na vyombo vizito ndivyo vinavyoanza kukwaruza. Vua kava, kaa penye hewa.

Kulipa: Google Play inapokea M-PESA. Kwa App Store, watu wengi wanatumia kadi ya M-PESA GlobalPay, ile ya Visa iliyoanza mwaka 2022. Itazame jumla ya mwisho kwa shilingi kabla ya kuthibitisha, na usome kama unalipa mara moja au kila mwezi. Chombo kikikukataa, upande wa Google omba pesa zako ndani ya saa 48. Upande wa Apple pitia reportaproblem.apple.com. Ukibadilisha simu ukabaki upande uleule, Android kwa Android au iPhone kwa iPhone, tafuta kitufe cha Restore Purchases kabla hujalipa tena.

Na zile programu zilizovunjwa, zinazotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp na vyombo vyote vimefunguliwa, nawasihi msiziweke. Simu hiyohiyo ndiyo inayopokea meseji zako za M-PESA. Hujui aliyeivunja aliingiza nini humo.

Kama kuna chombo unataka nikipime, kiandike hapo chini, na utaje simu unayotumia na programu unayofanyia kazi, kwa sababu jibu langu kwa mwenye Android ya Cubasis na kwa mwenye iPhone ya GarageBand halitakuwa moja.