Uzoefu wangu: gari la kukodi lenye hema juu ya paa, siku 9 peke yangu kutoka Adelaide hadi Coober Pedy, Australia

Wacha nianze na kitu ambacho kampuni haikuniambia na hata kwenye maelezo yao hakipo: hili gari limepangwa kwa watu wawili. Sisemi kitanda, kitanda ni kikubwa na ukiwa peke yako ni raha tupu. Nasema kazi yake. Kufungua hema ni dakika 5, unavuta ngazi na hema lote linafunguka kama kitabu, lakini kulifunga asubuhi, kitambaa kina umande, upepo unatoka upande wa pili, lazima mmoja awe huku anavuta na mwingine awe kule anasukumia kitambaa ndani kabla kifuniko hakijafungwa zipu, na mie nilikuwa mmoja. Asubuhi ya kwanza pale Quorn ilinichukua dakika 40, nazunguka gari, napanda kwenye tairi la nyuma, nashuka, nikisukuma huku kule kunatoka, na vidole vimekufa ganzi maana Julai huku ni baridi ya kweli, usiku ule ilishuka hadi nyuzi 3.

Kufikia siku ya nne nilikuwa nishajua. Kabla hujagusa ngazi, nenda upande wa pili upitishe mkanda juu ya hema uufunge ukiwa umelegea, ndio uje huku uvute. Hema likilala, ule mkanda unakuwa ndio mtu wako wa pili, unakaza tu. Dakika 15. Hakuna aliyenifundisha, ofisini walinionyesha vijana wawili, mmoja huku mmoja kule, ikaisha haraka na mie nikaona rahisi.

Gari lenyewe ni 4x4 ya dizeli, ina friji, jiko la gesi, tangi la maji lita 60, betri ya pili ya kuendesha friji usiku. Nililipa dola 165 za Australia kwa siku. Soma sana karatasi ya bima jamani, mie niliisoma mara mbili usiku kabla ya kuchukua gari na bado kuna kitu kilinipita. Matairi hayamo, kioo cha mbele hakimo, chini ya gari hakumo, na ukiendesha nje ya mji baada ya jua kutua bima yote inakufa. Hilo la usiku mwanzoni niliona wananionea, lakini jioni karibu na Hawker nikaona kangaruu watatu wamesimama katikati ya lami kama wanasubiri matatu, nikapunguza, wawili wakaondoka wa tatu akarudi mbele ya gari tena. Kutoka siku hiyo ikifika saa kumi jioni mie natafuta pa kulala.

Sasa kwa nini nilienda. Mie ni mtu wa Mombasa, niko Adelaide mwaka wa sita huu nafanya kazi ya kulea wazee, na Ijumaa zangu naswali kwenye ule msikiti wa Little Gilbert Street mjini. Ule msikiti ulijengwa 1888 hadi 1889, minara yake minne ikaongezwa 1903, na walioujenga ni wale watu wa ngamia. Wanaitwa Waafghani lakini wengi wao walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Mwaka 1866 ngamia zaidi ya 100 walishushwa Port Augusta, na tangu hapo vitu vingi vilivyoingia ndani ya nchi hii, unga, chai, nguzo za simu, na sufu ya kurudi bandarini, vilibebwa na misafara ya ngamia mpaka malori yalipokuja. Miaka yote naingia pale natia udhu na kuswali, sijawahi kwenda kuona walikokuwa wakiishi. Ndio nikaomba likizo. Rafiki zangu wote wakasema wanakuja, wiki ya safari ilipofika kila mtu ana zamu kazini, nikaenda.

Njia niliyopita: Adelaide, Quorn, Hawker, Leigh Creek, Lyndhurst, Farina, Marree, Coward Springs, William Creek, Coober Pedy, alafu kurudi kwa lami. Yote kwa yote kama kilomita 2,000 na ushee. Mpaka Lyndhurst ni lami tupu, gari linateleza tu. Kabla ya kufika Quorn mashamba ya ngano yanaanza kuisha na nchi inabadilika rangi, kuna mstari unaitwa Goyder's Line, jamaa wa upimaji ardhi aliuchora 1865 akawaambia watu kaskazini ya hapa mvua haiaminiki msilime. Miaka michache ikanyesha vizuri, watu wakasema huyu hajui, wakaenda kulima. Nyumba zao za mawe zimesimama barabarani mpaka leo hazina paa.

Na Farina ndio mji mzima wa namna hiyo. Ulianzishwa 1878, ukapewa jina la unga kwa Kilatini kwa matumaini ya ngano. Ngano haikuota ya maana. Sasa ni magofu, kuta za hoteli, mabomba ya moshi yamebaki yenyewe wima, na katikati ya magofu kuna tanuri la mkate la zamani lililo chini ya ardhi, ambalo wiki kadhaa kila msimu wa baridi watu wa kujitolea wanaliwasha kwa kuni wanaoka mikate. Nilipanga foleni saa mbili asubuhi nikatoka na mkate wa moto umefungwa kwa karatasi, nikakaa juu ya tairi nikaukata na siagi na chai ya rangi. Mkate wa kuni una ile harufu ya ganda lililoungua kidogo pembeni, tangu nyumbani sijaipata. Kambi ya Farina kwa mtu wa hema la juu ni nzuri kupita zote nilizolala: ardhi iko sawa, kuna miti ya kukinga upepo, maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni unaziwasha mwenyewe, pesa unatumbukiza kwenye kisanduku hakuna anayekusimamia.

Kwenye vijiji hivi kuna ubao barabarani unaoonyesha barabara gani imefungwa na ipi iko wazi. Mtu wa pwani tunajua tope, lakini hii si ya mchezo, ikinyesha barabara za udongo zinafungwa na ukipita iliyofungwa ni faini kali. Siku zangu zote ubao ulikuwa kijani, yaani wazi. Pale Lyndhurst nikapunguza upepo wa matairi, nikashuka kutoka 38 hadi 28, na hapo ndipo gari linabadilika, lile tetemeko la barabara yenye mawimbi kama bati linapungua na friji inaacha kupiga kelele.

Marree nilifika adhuhuri. Mji mdogo, hoteli moja kubwa ya mawe, stesheni ya reli isiyo na treni, maana ile njia ya zamani ya treni ya Ghan ilifungwa 1980, vichwa vya treni vimeachwa vinapata kutu. Hata jina la Ghan lenyewe linasemwa limetokana na wale Waafghani. Zamani reli ndiyo ilikuwa mpaka, Wazungu upande mmoja, watu wa ngamia na wenyeji wa asili upande wa pili. Mmoja wa misikiti yao ya mwanzo ulikuwa hapa, na sasa kuna mfano mdogo uliojengwa tena. Si jengo lenyewe, na mtu akipita kwa haraka anaweza kudhani ni kibanda cha kupumzikia. Nikachukua dumu la maji nikatia udhu, nikatafuta kibla, huku ni magharibi kaskazini kidogo, nikaswali adhuhuri na alasiri pamoja kama msafiri. Hapakuwa na mtu. Upepo tu na nzi wachache. Nikawaombea wale wazee, wengi wao waliacha wake na watoto nyumbani na hawakurudi tena. Nilikaa pale zaidi ya saa nzima na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Coward Springs ni kilomita kama 130 mbele, na hapa ndio nataka msome vizuri kama mnapanga safari. Ni kambi ya watu binafsi kando ya stesheni ya zamani, kuna kisima kilichochimbwa 1886 kwa ajili ya treni za moshi, maji yanapanda yenyewe kutoka lile bonde la maji ya chini ya ardhi linaloshika zaidi ya sehemu moja ya tano ya Australia nzima, na wametengeneza bwawa dogo la mbao unaingia unakaa, maji vuguvugu, huku nje baridi. Na kuna mitende! Mitende mikubwa ya zamani kwenye jangwa, matawi yanasugua usiku kucha, nikiwa ndani ya hema nafumba macho nasikia kama minazi ya nyumbani upepo wa kusi ukivuma. Nilikaa siku mbili badala ya moja.

Lakini hapo ndipo shida ya hema la juu inaonekana kwa mtu mmoja. Chemchemi za asili, ile inayoitwa The Bubbler na mwenzake Blanche Cup, ziko kilomita kadhaa kutoka kambini. Nikitaka kwenda lazima nifunge hema lote maana nyumba ndio gari, na gari ndio nyumba. Wenye karavani wanaiacha pale wanaondoka na gari. Mwenye hema la chini vilevile. Mie kila nikitaka kutoka nakunja kitanda. Ningelijua ningebeba hata kihema cha bei rahisi cha chini kushika nafasi yangu na kuacha meza na viti. Hata hivyo nilienda, na inafaa: unasimama juu ya kilima kidogo, katikati kuna dimbwi, na chini ya maji mchanga unapanda polepole unajikunja na kupasuka kama uji mzito jikoni, alafu unatulia, alafu tena. Ni nchi ya watu wa Arabana, na kwao hizi chemchemi si kivutio cha picha, ni mahali patakatifu, kwa hivyo usiingize mguu.

Simu kule hakuna. Ukitoka mjini mtandao unakufa, na hata mjini ni kampuni moja tu ya simu inayoshika vizuri, laini yangu nyingine ilikuwa pambo. Nilikodi kifaa cha setilaiti kwa dola 12 kwa siku, kila jioni natuma neno moja kwa dada yangu, niko salama. Mtu peke yake asiache hicho. Maji nilibeba dumu mbili za ziada mbali na tangi. Dizeli nilijaza kila mji hata kama tangi liko nusu, na William Creek, mji wenye watu kama kumi tu, bei ilikuwa zaidi ya Adelaide kwa senti 70 kila lita na sikulalamika, nani alileta dizeli pale.

Sasa malalamiko yangu. Barabara ya William Creek kwenda Coober Pedy ni kilomita 166 za udongo, hakuna kitu katikati. Kilomita ya 70 hivi nikapata pancha, tairi la nyuma kushoto, jiwe limekata pembeni. Babangu aliendesha lori la Garissa miaka, alinifundisha kabla hujatoka angalia spea na jeki kwanza, na mie ofisini niliuliza, nikaambiwa vyote vipo. Spea ipo, ina upepo. Jeki ipo. Mpini wa kuzungusha jeki haupo! Nafasi yake kwenye mfuko iko tupu. Nilikaa dakika 50. Gari la kwanza kupita lilisimama lenyewe, sikuhitaji hata kupunga mkono, na huko ndivyo walivyo, ukisimama kando ya barabara mtu hakupiti. Walikuwa mzee na mkewe, wastaafu, wanavuta karavani. Mzee akatoa mpini wake, haukuingia, akatoa jeki yake yote, tukaweka ubao chini isizame kwenye mchanga, tukabadilisha. Mama akanimiminia chai kwenye kikombe cha chuma akanilazimisha niketi. Alafu wakaniambia tangulia wewe, sisi tunakuja nyuma pole pole mpaka lami. Walifanya hivyo kweli, kila nikitazama kioo naona vumbi lao.

Coober Pedy kwa ufupi: opali iliokotwa pale 1915 na kijana wa miaka 14, mpaka leo watu wanachimba, na wengi wanaishi ndani ya mwamba kwa sababu ndani ni nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima. Kuna kambi ya hema chini ya ardhi lakini hema la juu ya gari haliingii huko, kwa hivyo usiku mmoja nikalipa chumba cha mwambani, giza lake ni giza kabisa, nililala saa tisa mfululizo. Nje ya mji mashimo ya wachimbaji yako wazi kila mahali na vibao vinakwambia usirudi kinyumenyume, na wapiga picha ndio wanaandikiwa.

Kurudi ni lami, kilomita 846, limiti 110, na malori ya trela tatu yanayofika mita 53.5. Usiyapite kama hauoni mbele vizuri, yanachukua muda mrefu kuisha.

Ofisini nilirudisha gari nikawaonyesha mfuko wa jeki. Kwanza wakataka nilipe tairi na dola 120 za kuosha vumbi jekundu. Tairi nililipa, ni haki yao, liko kwenye karatasi. La kuosha nilikataa mpaka meneja akaja, nikamwonyesha picha ya mfuko mtupu niliyopiga palepale barabarani ikiwa na saa na tarehe, akaomba radhi, akafuta hiyo 120 na kurudisha amana yangu baada ya siku 6. Gari halikunisumbua injini hata mara moja, friji ilishika baridi mpaka mwisho, hema halikuvuja upepo. Nitalikodi tena Agosti mwakani, na shemeji yangu ameshaapa anakuja, tumalize kipande kilichobaki cha William Creek hadi Oodnadatta na Marla. Jeki nishanunua yangu, iko kwenye buti, na mpini nimeufunga nayo kwa waya.