Hedifoni za kuzima kelele: jenereta limenyamaza, grenda bado

Kwa jenereta, hizi hedifoni ni kiboko. Kwa grenda na makelele ya watu, punguza matarajio.

Nahariri sauti za video nyumbani, Tabata. Chini ya dirisha langu kuna saluni. Umeme ukikatika tu, jenereta linawashwa. Mlango wa pili yuko fundi aluminiamu. Nikibonyeza kitufe cha kuzima kelele, ule mngurumo unazama kana kwamba mtu amelihamishia jenereta mtaa wa tatu. Grenda likianza kukata, mlio unakuja vilevile, mkali, umepungua kidogo tu.

Sababu ni urefu wa mawimbi. Kwenye kila kikombe kuna kimaikrofoni kinachonasa kelele, halafu spika ya ndani inatoa wimbi lililogeuzwa: pale kelele inapoikandamiza hewa, hili linailegeza. Yakikutana sikioni yanafutana. Wazo lenyewe ni la zamani; Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Kazi ipo kwenye kuwahi. Hewani sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo wa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, una wimbi la karibu mita tatu na nusu. Hapo kifaa hata kikichelewa chembe, mawimbi bado yanawiana. Mlio wa hezi 4,000 una wimbi la sentimita nane na nusu tu. Kuchelewa kulekule sasa kunayafanya yapishane, na yakipishana vibaya yanajumlishana badala ya kufutana. Ndiyo maana sauti kali wameiachia sponji ya vikombe, na sponji ya hizi ni ya wastani. Ukivaa miwani ndiyo kabisa, mkono wa miwani unaacha upenyo.

Muuzaji wa Kariakoo hakuniambia jambo moja: haziwezi kitu kwa sauti inayopita mifupani. Jirani wa juu akitwanga nami nimeegemeza kichwa ukutani, kila pigo la mchi nalipata. Zege hupitisha sauti kwa zaidi ya mita 3,000 kwa sekunde, na kutoka ukutani inaingia kwenye fuvu bila kupita mlango wa sikio. Nikikaa wima, kishindo kinapungua palepale. Karanga nazo, ukizitafuna umevaa hedifoni, husikii hata filamu.

Chaji inakaa vizuri. Joto la mchana ndilo tabu, masikio yanalowa jasho. Kwenye bajaji zima kile kitufe, maana upepo unapiga maikrofoni na wewe unaletewa mvumo usiokuwepo nje.

Ukienda kununua, usizijaribu kwa muziki, kila hedifoni ina raha muziki ukiwa juu. Omba wakuwashie feni kubwa karibu yako, usicheze chochote, kisha bonyeza kitufe, zima, bonyeza tena.